PIKIPIKI YA ZAMANI YA SAFARI NDEFU: TUBADILISHE NINI, TUACHE NINI?



Watu mingi wanafikiri kuongeza vitu kwa pikipiki ni mambo ya urembo tu: kioo kikubwa mbele, masanduku nyuma, taa mingi, basi. Lakini fundi mwenye akili anajua ya kwamba kila kitu unachoongeza kinaomba kitu kingine. Taa inaomba umeme. Sanduku linaomba resori na freni. Gidoni ya juu inaomba kabule ndefu. Hiyo ni deni. Mtu asiyeilipa kwa garaji, atailipa kwa barabara, na kule bei yake iko kali.

Kusudi tusiseme hewani, tutachukua pikipiki moja yenye inajulikana sana: BMW R100RS ya Ujerumani. Kule Ulaya na Marekani kungali watu wenye wanaitembeza mpaka leo, na mafundi wameifungua na kuifunga mara mingi hata ugonjwa wake wote umejulikana. Mwenye hajaiona asisumbuke: fizika yake ni ile ile tunayosoma hapa darasani.

1. PIKIPIKI YENYEWE NI GANI?

R100RS ilitokea mwaka wa 1976. Ilitengenezwa Berlin, katika kiwanda cha Spandau. Motere yake iko na silendri mbili zenye zinalala, moja kuume, moja kushoto, kama mtu aliyenyoosha mikono. Hivi upepo wa safari unazipiga sawasawa na kuzipoza. Hakuna maji, hakuna radiateri. Kipenyo cha silendri ni 94 mm, na mwendo wa pistoni ni 70,6 mm. Mwenye kupenda hesabu atafute ujazo wa silendri zote mbili: atapata 980 cm³. Nguvu yake ni farasi 70. Nguvu hiyo inaenda kwa gurudumu la nyuma kwa njia ya kardani, siyo kwa mnyororo.

Lakini kitu kilichoshangaza watu siku zile ni lile koti la mbele, yaani karenaji, lenye kufunika kifua na miguu ya dereva. Hans Muth ndiye aliyelichora, na walilipima Italia kwa Pininfarina, katika chumba chenye upepo wa mashine. Kazi yake ni mbili: kumkinga mtu na upepo na mvua, na kupunguza ile nguvu ya hewa yenye inataka kunyanyua gurudumu la mbele wakati wa mbio. Kwa hiyo mtu aliweza kukimbia siku nzima bila kuchoka shingo. Na kwa tanki ya lita 24, kama inakula lita 6 kwa kilometa 100, anafika kilometa 400 mbele ya kutafuta esanse.

Pikipiki hii iliendelea kutengenezwa mpaka 1984. Ikarudi mwaka wa 1986, na amortiseri moja pembeni pahali pa mbili, na farasi 60. Ikaisha kabisa mwaka wa 1992. Maana yake, leo hata ile ndogo kuliko zote imepita miaka 30. Hapo ndipo maulizo yetu yanaanza.

2. KWANZA UPONYE, HALAFU UPAMBE

Mtu ananunua pikipiki ya miaka 40. Mfukoni mwake kumebaki feza kidogo. Anaona kioo kizuri, masanduku, vishiko vyenye kupasha mikono joto, taa za ukungu. Roho inamwambia: nunua! Lakini matiyo ya freni ni yale yale ya siku ya kuzaliwa kwake. Mpira wa kaburateri umepasuka. Belingi za shingo ya gidoni zimekula. Mapine yangali na mashimo ya kutosha lakini yamekauka na kuwa magumu kama ubao.

Sheria ya kwanza ya mafundi wa pikipiki za zamani ni hii: usibadilishe kitu ambacho hujakiona kikifanya kazi vizuri katika hali yake ya kwanza. Sababu gani? Kama gidoni inatikisika, na wewe hujapima belingi, utanunua amortiseri mpya za bei kubwa na gidoni itaendelea kutikisika. Umetupa feza, na ugonjwa uko pale pale. Kwanza rudisha kila kitu namna kiwanda kilivyotaka. Tembea na pikipiki kwa miezi. Sasa utajua kwa kweli ni kitu gani kinapunguka.

3. FRENI: USIANZE PENGINE

Tukumbuke fomula: E = ½ mv². R100RS iko na uzito wa 230 kg pamoja na mafuta yake. Tuweke dereva wa 75 kg: jumla 305 kg. Katika mbio ya 100 km kwa saa, nguvu ya mwendo ni karibu 118 000 J. Tuongeze mtu wa pili na mizigo mpaka 398 kg: tunafika karibu 154 000 J. Nguvu hiyo yote freni lazima izigeuze kuwa joto. Na kama dereva anapanda kutoka 100 mpaka 140 km kwa saa, joto linakuwa karibu mara mbili, juu v iko na mraba.

Pikipiki za miaka ya kwanza, mpaka 1980, zilikuwa na namna ya ajabu: mkono unavuta kabule ya chuma, kabule inaenda chini ya tanki, na chini ya tanki ndipo pompi ya mafuta ya freni inasukuma. Kwa zile zilizotoka kwa mwaka wa mfano 1981, pompi ilihamishwa juu ya gidoni na freni zikawa za Brembo. Watu wenye wangali na ile ya kwanza, mingi wanafanya mabadiliko yale yale: wanatia pompi juu ya gidoni. Faida ni mbili. Kabule haivutiki tena katikati, na mtu anaona mafuta ya freni kwa macho yake bila kufungua tanki.

Jambo la pili ni matiyo. Tiyo ya mpira ikizeeka, inavimba kidogo kila mara unapofinya freni. Ile nguvu ya vidole inapotea katika kuvimbisha mpira pahali pa kufinya diski. Tiyo yenye imesukwa kwa nyuzi za chuma haivimbe, na mkono unasikia freni kuwa ngumu na ya kweli.

Jambo la tatu halina bei kubwa lakini ndilo linasahauliwa: mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa. Miaka inapita, maji yanaongezeka ndani. Katika mtelemko mrefu diski inakuwa ya moto, maji yanachemka, yanageuka mvuke. Mvuke unafinyika, mafuta hayafinyike. Mara moja mkono wa freni unashuka mpaka kwa gidoni na pikipiki haisimame. Kwa hiyo mafuta hayo yanabadilishwa kila mwaka, ao sana sana kila miaka miwili, hata kama yanaonekana mazuri. Chupa moja ya mafuta ya freni imeokoa watu kuliko taa zote za urembo.

4. RESORI NA SHINGO

Resori za mbele za R100RS ziko laini na ziko na mwendo mrefu. Ni raha kwa mashimo, lakini ukifunga freni, pua inashuka chini sana. Dawa ni resori zenye zinakaza kidogo kidogo namna zinavyofinywa: mwanzo laini, mwisho ngumu.

Tena, ile sahani ya juu yenye inashika miguu miwili ya mbele ni bamba la chuma jembamba tu. Mafundi mingi wanaitoa na kuweka sahani nene. Wengine wanaongeza daraja la chuma juu ya matope ya mbele, kusudi miguu miwili iende pamoja bila kupindana. Kwa nyuma, amortiseri zikizeeka zinaacha kuzuia. Pikipiki inaruka-ruka kama mtumbwi. Hapo unatia mpya zenye zinafaa uzito wako. Angalisho: mtu wa 60 kg asichukue resori ya mtu wa 110 kg kwa sababu ni ya bei kubwa. Ngumu siyo maana ya nzuri.

5. UMEME: HESABU MBELE YA KUNUNUA

Hapa ndipo watu mingi wanaangukia. Alternateri ya pikipiki hii haifike 300 W, na hata hiyo haitoe ikiwa motere inazunguka polepole. Ukisimama kwa taa nyekundu ya barabara, batri ndiyo inalipa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme alternateri inatoa 250 W katika mwendo mzuri.

Vyenye viko tayari: fare 60 W, taa ya nyuma 5 W, bujii na bobini tuseme 35 W, taa ndogo za saa 10 W. Jumla: 110 W. Kunabaki 140 W.

Sasa dereva anaongeza: vishiko vya joto 40 W, koti lenye waya za kupasha joto 75 W, taa mbili za ukungu za 55 W kila moja, ndiyo 110 W. Jumla: 225 W. Kunapunguka 85 W. Gawanya kwa volti 12: karibu ampere 7 zinatoka kwa batri kila wakati. Batri ya 28 Ah itamalizika kwa saa nne kwa karatasi, lakini kwa kweli mbele ya hapo, juu demareri ya motere kubwa inaomba batri yenye nguvu. Usiku, mvua, baridi: ndiyo saa ile ile mtu amewasha vyote, na ndiyo saa ile ile pikipiki itakataa kuwaka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza mapato: kuna alternateri za leo zenye zinapita 400 W na zinaingia pahali pale pale. Ya pili ni kupunguza matumizi. Taa mbili za LED za 10 W kila moja zinaomba 20 W tu pahali pa 110. Rudi kwa hesabu yetu: 40 + 75 + 20 = 135 W. Inaingia ndani ya 140! Mara mingi njia ya pili ni ya bei ndogo. Lakini usitie ampuli ya LED ovyo ndani ya fare ya zamani: kioo cha fare kilichorwa kwa uzi wa ampuli wenye uko pahali fulani. Nuru ikitoka pahali pengine, inatawanyika, inawapofusha wenye wanakuja mbele.

Magonjwa matatu ya umeme wa pikipiki hii yanajulikana, nayo inafaa kuyaponya mbele ya kuongeza chochote:

a) Sahani ya diodi imekaa juu ya vifundo vya mpira. Joto na mtikisiko vinakata ile mipira, sahani inapoteza masi, batri haichaji tena. Vifundo vya chuma vinamaliza habari hiyo.

b) Ile taa ndogo nyekundu ya batri kwa tablo siyo ya kuonyesha tu. Umeme unaopita ndani yake ndio unaoamsha alternateri. Ampuli ikiungua, dereva anafurahi kwamba taa nyekundu haiwake tena, kumbe alternateri imelala. Mbele ya safari geuza kontakti: ile taa lazima iwake.

c) Rotori inaweza kukatika waya ndani, kwa joto na kwa kuzunguka. Ipime kwa ohmmeta. Kama hakuna njia ya umeme, imekufa.

Na kwa mwenye kufungua kifuniko cha mbele cha motere: toa kwanza waya wa batri. Nyuma ya kifuniko kile kuna umeme wa batri bila fizibu. Chuma kikigusa, cheche, na sahani ya diodi inaungua palepale.

Kitu unachoongeza kisiunganishwe na waya wowote uliouona karibu. Pikipiki hii ya zamani iko na fizibu mbili tu. Vuta waya mpya toka batri, tia fizibu yake karibu na batri, halafu rele yenye inafunguliwa na kontakti. Hivi ukizima motere, kila kitu kinazimika, na hautakuta batri imekufa asubuhi.

6. MZIGO: HESABU YENYE WATU HAWATAKI KUFANYA

Kila pikipiki iko na uzito wa mwisho wenye umeandikwa kwa karatasi zake. Tuseme imeandikwa 398 kg. Toa 230 za pikipiki: kunabaki 168. Toa dereva 75 na mwenzake 65: kunabaki 28. Masanduku mawili pamoja na chuma cha kuyashika, tuseme 14 kg yakiwa tupu. Basi kunabaki 14 kg za mizigo kwa watu wawili. Ndiyo yote! Lakini utaona mtu ametia hema, sufuria, viatu, kisha sanduku la tatu juu ya mkia.

Shida siyo kilo tu, ni pahali zinapokaa. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unafanya kazi kama mtoto aliyekaa kwa mwisho wa ubao wa kupimana: unanyanyua upande mwingine. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na katika mbio pikipiki inaanza kuyumba kama nyoka. Sheria: vizito chini na karibu na katikati, vyepesi juu na nyuma. Zana na vyuma vitie katika mfuko wa juu ya tanki ao chini kabisa ya masanduku ya pembeni. Nguo na blanketi ndizo zinaenda mkiani. Na mapine yapewe upepo unaofaa mzigo ule, siyo upepo wa mtu peke yake.

7. GIDONI NA KIOO

Gidoni ya RS iko chini na nyembamba. Kijana anaipenda, mgongo wa mtu wa miaka 60 unalia. Kwa hiyo mingi wanaweka gidoni ya juu kidogo, kama ile ya ndugu yake R100RT iliyotokea 1978. Ni mabadiliko mazuri, lakini kisha kufunga, fanya mtihani huu: washa motere, isimamishe juu ya miguu yake ya katikati, geuza gidoni mpaka mwisho wa kushoto, halafu mpaka mwisho wa kuume. Kama sauti ya motere inapanda, kabule ya gazi imevutwa kwa sababu ni fupi. Hiyo ni kifo chenye kinangoja kona. Angalia vilevile kama vidole havifinyike kati ya gidoni na karenaji.

Kioo kirefu kinakinga kichwa. Lakini kile ni tanga la mtumbwi: kinashika upepo, na kinabadilisha ile kazi iliyopimwa kule Italia. Ongeza kidogo, jaribu polepole, halafu uamue.

8. MOTERE: MASIKIO YAWE WAZI

Watu wanapenda kuongeza farasi. Kwa motere ya zamani, heri afya kuliko farasi. Zamani esanse ilitiwa risasi, na ile risasi ilikinga viti vya supapi. Ulaya iliacha kuuza esanse ya namna ile. Umoja wa Ulaya uliikataza tangu mwaka wa 2000. Viti vya zamani vinaweza kukuliwa: supapi inazama kidogo kidogo ndani ya kichwa cha silendri. Alama yake ni nini? Nafasi ya supapi inapunguka, haiongezeke. Inafaa kuwa 0,10 mm kwa supapi ya kuingiza na 0,20 mm kwa ile ya kutoa moshi. Ukiona kila mara unapopima nafasi imefungika tena, peleka kichwa kwa fundi atie viti vipya. Heri ni kwamba silendri ziko inje, kuume na kushoto. Mtu anapima supapi akikaa juu ya kiti kidogo, bila kutoa tanki.

Pikipiki za mpaka 1980 zinawashwa na platini. Kuweka mwasho wa elektroniki ni jambo jema, juu saa ya cheche haitembee tena. Kutoboa kichwa kusudi kila silendri ipate bujii mbili ni kazi ya fundi wa kweli. Siyo kitu cha kuanza nacho.

9. NA SHERIA JE?

Kule Ujerumani sheria inalazimisha pikipiki ipimwe kila miaka miwili. Kitu kilichobadilishwa lazima kiwe na ruhusa ya karatasi, bila vile kinaandikwa katika karatasi za pikipiki baada ya mtaalamu kukitazama. Tena, pikipiki iliyopita miaka 30 inaweza kupata namba yenye herufi H, namba ya vitu vya historia, lakini sharti ibaki karibu na hali yake ya kwanza. Kwa hiyo mwenye hekima anachunga kila kitu cha zamani alichotoa: anakifunga ndani ya sanduku, na kuandika jina juu yake. Leo hakina kazi, kesho kitatafutwa.

KWA KUFUNGA

Wandugu, tuweke mambo kwa mstari: kwanza ponya, halafu freni, halafu resori na mapine, halafu umeme, halafu mzigo na raha, urembo uje mwisho kama feza zimebaki. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, tembea nacho, andika katika daftari. Ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja na pikipiki inaanza kuyumba, utajuaje ni kipi kinaleta ubaya?

Mstari huu haukuandikwa kwa BMW peke yake. Zile pikipiki ndogo za 125 zenye zinapita kwa barabara zetu na abiria wawili na gunia moja, nazo ziko chini ya E = ½ mv². Fomula haiangalie bei ya pikipiki.

ZOEZI. Mtu anataka kuunga taa mbili za 35 W kila moja juu ya batri ya volti 12. Katika duka kuna fizibu za ampere 5, 7,5 na 20. Atanunua ipi, na sababu gani?

JIBU. 35 × 2 = 70 W; 70 ÷ 12 = ampere 5,8. Ile ya 5 itaungua bure. Ile ya 20 itaacha waya uungue mbele yake. Atanunua ya 7,5.